Shujaa kwa Nani? Juu ya Mapokeo ya Vita ya Ohafia

Msomaji wa Kiswahili aliyepita katika shule za Afrika ya Mashariki aghalabu humjua Mwigbo kwanza kwa jina la Okonkwo. Riwaya ya Chinua Achebe iliyotoka London mwaka 1958, Things Fall Apart, ilitiwa katika Kiswahili na Clement Ndulute, ikatolewa Nairobi mwaka 1973 kwa jina la Shujaa Okonkwo. Jina la Kiingereza halina shujaa ndani yake. Husema habari ya mambo yanayovunjika na kutawanyika. Neno shujaa liliongezwa njiani, na tangu hapo limefanya kazi kubwa kuliko ile lililotumwa. Waigbo wote wamekuwa taifa la mashujaa, na ushujaa wenyewe umekuwa sifa isiyoulizwa swali. Okonkwo hunywea tembo katika fuvu la mtu wa kwanza aliyemwua, na msomaji hutosheka kuambiwa kwamba hiyo ilikuwa mila yao.

Neno hilo halifai kutolewa bure namna hiyo. Maadamu ni la sifa, hapana budi kuulizwa limetolewa na nani, na aliyekuwa upande wa pili wa panga angaliitumia lugha gani. Pa kulipimia hapakosekani. Kuna watu wa Ohafia, ambao miongoni mwa Waigbo wote ndio waliovuma zaidi kwa vita, pamoja na jirani zao wa Abam na Edda.

Ohafia ni muungano wa vijiji 26 upande wa magharibi wa Mto Cross, katika nchi ambayo leo imo ndani ya Jimbo la Abia, lililoundwa mwaka 1991. Mapokeo ya wenyeji humtaja Uduma Ezema kuwa babu yao, na kijiji cha Elu kuwa cha kwanza kwa heshima. Walifika hapo wakiwa wageni, wakajikuta mpakani, wamezungukwa na watu wengine wasiosema Kiigbo, na ardhi ni ya kugombewa. Mtu akitaka kujua kwa nini vita viliingia sana katika malezi yao, na aanzie hapo kwenye ardhi. Asianzie kwenye damu ya watu, kama walivyopenda kufanya waandishi wa serikali ya kikoloni, ambao kila walipokutana na watu wasiotii waliwapa tabia ya ukali waliyozaliwa nayo.

Lakini desturi iliyoota katika shida haibaki kuwa shida. Hugeuka kuwa sheria. Katika Ohafia ya zamani kijana hakuhesabiwa kuwa mwanamume kamili mpaka alete kichwa cha adui. Aliyekileta aliitwa ufiem. Alivaa unyoya wa tai na kofia ya ngozi ya chui, na ngoma ya vita iitwayo ikperikpe ogu ilipigwa kwa ajili yake. Asiyeleta aliitwa ujo, yaani mwoga, na uwoga huo haukuwa tusi la mdomoni tu. Viazi vikuu vyake viliweza kuchukuliwa ghalani na ufiem, naye asiwe na pa kushtakia. Mkewe alidhihakiwa mbele ya wenzake, na akivaa vizuri alivuliwa mapambo yake, kwa kuwa mume wake hakuwa na haki ya kumpambia.

Hapo ndipo wasifuji wengi hupita mbio. Husimulia unyoya wa tai kwa kirefu, na ghala lililovunjwa hulitaja kwa neno moja, au hulisahau. Walakini mambo hayo mawili ni kitu kimoja. Kijana aliyetoka usiku na panga lake hakuwa akikimbilia sifa peke yake. Alikuwa pia akilikimbia jina lililomngoja nyumbani. Jamii inayompokonya chakula chake mtu ambaye hajaua haina haja ya kumlazimisha aende vitani. Na ushujaa uliopatikana kwa njia hiyo, je, ni tabia ya moyo, au ni kodi iliyolipwa kwa kichwa cha mtu mwingine?

Nyimbo zao wenyewe zinajua zaidi kuliko wanaozisifu. Kuna kisa cha mwanamke aitwaye Inyan Olugu, ambaye mume wake alikuwa ujo. Alipochoshwa na fedheha alikwenda katika nchi ya adui pamoja na mumewe, akawaua watu kwa mkono wake, akampa mume vichwa ili heshima iwe yake. Kisa hicho husimuliwa kuwa ni sifa ya mke mwaminifu, na ni haki kukisimulia hivyo. Lakini ndani yake mna ushahidi mwingine: kwamba mzigo wa jina la ujo ulimwangukia mke zaidi ya mume, na kwamba mwanamke aliyeweza kufanya yote yaliyomfanya mtu awe ufiem hakuweza kuishika heshima yake ila kwa kumkabidhi mtu mwingine.

Jambo hili ni la ajabu zaidi kwa sababu Ohafia haikuwa nchi ya wanaume peke yao. Philip Nsugbe, katika kitabu chake cha mwaka 1974, alionyesha jinsi watu hao wanavyotofautiana na Waigbo wengi: mtu hukaa katika mtaa wa baba yake, ila ukoo wa mama ndio unaorithisha ardhi. Wanawake ndio waliolima na kuwalisha watu wakati wanaume walipokuwa safarini. Mabibi waliofariki waliwekewa vyungu viitwavyo ududu, vikatunzwa na kutambikiwa vizazi kwa vizazi. Wanawake walikuwa na baraza lao, na walipodhulumiwa waliweza kuondoka wote pamoja wakauacha mji hauna mpishi wala mkulima. Basi mtu anayeandika mapokeo ya Ohafia kwa kuhesabu vichwa tu ameacha nje nusu ya watu, na nusu hiyo ndiyo iliyokuwa na shamba.

Sasa yaja lile ambalo wasifuji hawalipendi hata kidogo. Vita vya Ohafia havikubaki kuwa vya mpaka. Kusini yao walikaa Waaro wa Arochukwu, wafanya biashara waliotandaza makazi yao katika nchi ya Waigbo, na waliokuwa na mzimu wa Ibini Ukpabi, ambao watu wa mbali waliuendea kutaka hukumu. Wengi walioshindwa katika hukumu hiyo walisemwa kuwa wameliwa na mzimu, kumbe waliuzwa. Kijiji kilichowazuia Waaro njia, au kilichomwua mtu wao, kililetewa wapiganaji kutoka Abam, Ohafia na Edda. Mgawanyo wa faida ulikuwa mwepesi: Waaro walichukua mateka na mali, wapiganaji walichukua vichwa. Kiswahili kina neno la mtu anayepigana kwa ujira katika ugomvi usio wake. Neno hilo ni mamluki, na halibadiliki eti kwa kuwa ujira wake si fedha.

Mateka hao walikwenda wapi? Walishuka pwani, Bonny na Calabar na Elem Kalabari. Katika karne zote za biashara ile, watu zaidi ya milioni moja na nusu walipakiwa katika pwani ya Ghuba ya Biafra, na sehemu kubwa yao walikuwa Waigbo. Wapo wanaojibu kwamba vita havikuwa njia kubwa ya kuwapata. Kwamba wengi walipatikana kwa kuibwa, kwa madeni, kwa hukumu za mzimu na za wazee. Jibu hilo lina ukweli, na G. Ugo Nwokeji, katika kitabu chake cha mwaka 2010 juu ya biashara hiyo, ameonyesha jinsi njia zenyewe zilivyokuwa nyingi na zilivyochanganyika. Lakini nguvu ya wapiganaji wa kukodiwa haipimwi kwa idadi ya waliowakamata peke yake. Hukumu ya mzimu hutiiwa upesi na mtu anayejua ni nani watakaotumwa akikataa. Panga lililobaki alani nalo lilikuwa likifanya kazi.

Wala wasishangilie wale wanaoona hapa udhuru wa ukoloni. Jeshi la Waingereza lililotoka katika njia nne mwezi wa Novemba 1901, likaingia Arochukwu mwezi uliofuata na kuulipua mzimu wa Ibini Ukpabi kwa baruti, lilitangaza kwamba limekuja kukomesha biashara ya watumwa na mauaji. Waliotangaza hayo walitoka katika taifa ambalo meli za Liverpool na Bristol zilikuwa ndizo wanunuzi wakubwa wa Bonny mpaka sheria ya mwaka 1807 ilipowazuia. Mwaka 1901 walitaka mafuta ya mawese bila ya dalali, na Waaro ndio waliokuwa madalali. Vita vyao navyo vilichoma vijiji. Baadaye waliweka machifu wa hati kwa watu waliozoea kuamua mambo yao barazani, na mwaka 1929 wanawake waliposimama kupinga hayo yote na kodi waliyoihofia, askari wa serikali waliwapiga risasi, wakafa zaidi ya hamsini. Askari hao hawakupewa unyoya wa tai. Labda huo ndio ustaarabu uliosemwa.

Lakini uwongo wa mkoloni haumtakasi mamluki. Kosa hili limeenea mno katika maandishi ya Kiafrika tangu uhuru: kwa kuwa Mzungu alisema watu hawa ni washenzi, basi lazima wawe malaika. Kwa mantiki hiyo Mzungu huendelea kutunga historia ya Afrika hata baada ya kuondoka, kwani kila sentensi huandikwa kumjibu yeye. Yule mwanakijiji aliyeamshwa na moto hajibiwi na mtu.

Achebe mwenyewe, ambaye jina lake hutumiwa sana na wasifuji, alimjibu. Katika riwaya yake Arrow of God, ya mwaka 1964, vijiji sita vya Umuaro haviungani kwa mapenzi. Vinaungana kwa kuwahofia askari wa kukodiwa wa Abam, waliokuwa wakija usiku wa manane, wakachoma nyumba na kuwachukua wanaume, wanawake na watoto utumwani. Kwa hofu hiyo wanafanya mungu mpya, Ulu, wa kuwalinda wote. Huyo ni Mwigbo anayeandika juu ya Waigbo, na wapiganaji wale wale ambao upande mmoja wa nchi huimbwa kwa majina yao, upande wa pili ni sababu ya watu kutafuta mungu mwingine. Yafaa vitabu hivyo viwili visomwe pamoja. Mwanafunzi aliyesoma kile cha Okonkwo peke yake ameusikia upande mmoja wa shauri, tena bila ya kuambiwa kwamba lilikuwako shauri.

Ohafia ya leo haikatai kuulizwa. Vichwa vilipokatazwa, neno lenyewe la kukata kichwa lilipanuka: aliyerudi na elimu, au na mali aliyoichuma mbali, alihesabiwa kuwa ameleta kichwa chake, akachezewa ngoma ile ile. Eni Njoku, mtaalamu wa mimea aliyezaliwa Ebem Ohafia mwaka 1917, ndiye aliyekuwa mkuu wa kwanza wa Chuo Kikuu cha Lagos mwaka 1962. Ngoma nayo haijafa. Mchezaji wa mbele hubeba kichwani ubao wa mafuvu, ambayo sasa ni ya kuchongwa kwa mti, na kuti changa la mchikichi limo kinywani mwake. Mabega na kifua hutetemeka kwa mapigo ya ngoma kwa namna isiyosahauliwa na aliyeiona. Kuisifu ngoma hiyo si kosa. Kosa ni kuitazama kana kwamba mafuvu yale yalikuwa ya mti tangu mwanzo.

Kazi iliyobaki ni kubwa, na haifanywi kwa kusifu. Nyimbo za vita za Ohafia zimekusanywa na kuchunguzwa kwa uangalifu na Chukwuma Azuonye, aliyeziandikia tasnifu London mwaka 1979. Elizabeth Isichei alikusanya ushuhuda wa wazee wa sehemu nyingi za nchi ya Waigbo, akautoa mwaka 1977 katika Igbo Worlds. Ukusanyaji wa namna ile ya kwanza umeendelea kupata wapenzi, kwa kuwa wimbo hupendeza. Ule wa pili hauna ngoma wala unyoya; huhitaji mtu aende katika vijiji vilivyovamiwa, akae, aulize ni nani hakuonekana asubuhi ile na ukoo wake ni upi. Walioiona Ohafia kabla ya mwaka 1901 wamekwisha kufa wote. Wajukuu na vitukuu wao wapo, wa pande zote mbili, na baadhi yao wameoana.