Mkono Mfukoni

Ile picha ya mzee wa Kituruki bado ipo kwenye simu zetu. Yusuf Dikeç, Olimpiki ya Paris 2024: fulana, miwani ya kawaida, bastola mkono mmoja, mkono mwingine mfukoni. Akaondoka na medali ya fedha ya timu mchanganyiko akiwa na miaka 51. Magrupu yakajaa utani kwamba mzee alitoka kununua sigara akapitia Olimpiki. Hata mimi niliisambaza, sikatai.

Siku hizi utani ule unanikera. Bastola ya upepo hupigwa kwa mkono mmoja, ndiyo sheria ya mchezo. Mkono wa pili ukining'inia unayumbisha mwili, kwa hiyo wapigaji wengi huutia mfukoni. Shabaha iko mita 10, na duara la pointi 10 lina upana wa milimita 11.5, yaani kifungo cha shati. Na ile ilikuwa Olimpiki yake ya tano, ya kwanza ikiwa Beijing 2008. Sisi tuliona mfuko tu.

Mliopita JKT mtanielewa. Nilienda nikidhani siku ya pili tu tutapiga risasi kama kwenye muvi. Wapi! Tulilala kifudifudi na SMG tupu siku baada ya siku. Pumua, toa pumzi nusu, tulia. Jicho likae kwenye ncha ya mbele, shabaha iwe na ukungu kidogo. Triga uivute taratibu, mlio ukukute hujajiandaa. Afande aliweka ganda la risasi juu ya mtutu. Ukivuta likianguka, rudia. Langu lilianguka mpaka nikaona aibu. Akaniambia, "Kuruta, unaogopa mlio kabla haujalia." Bastola au bunduki, kosa hilo ni moja: mkono unashtuka mapema, risasi inaenda chini.

Siku ya renji nilikosa mbili za kwanza. Ya tatu nikalikumbuka lile ganda, nikapata.

Sasa njoo kwenye Ualimu. Mwaka jana nimepelekwa TP, Kidato cha Pili, watoto 90 darasani. Kabla ya hapo nilikuwa nimesimama mbele ya watu mara moja tu, dakika kumi, mbele ya wenzangu waliokuwa wanachati. Saikolojia ya elimu nilikuwa na A! Kipindi cha dakika 40 nilikimaliza kwa dakika 18. Nilivuta triga kwa pupa, jamani. Dada mmoja wa nyuma akauliza kwa nini sehemu zinatafutiwa asili moja kabla ya kujumlishwa, nikamwambia tutaona kesho. Kesho hatukuona. Msimamizi alikuja mara moja, akajaza fomu, akawahi shule nyingine. Simlaumu sana, alikuwa na msururu wa wanafunzi.

Ninachotaka ni kidogo: waziri wetu wa elimu kwenye serikali ya wanafunzi apeleke hoja kwamba kila mwanafunzi wa Ualimu afundishe wenzake dakika kumi kila wiki, asimamishwe anapokosea, arudie hapo hapo. Najua jibu: wahadhiri hawatoshi. Hata kambini bunduki hazikutosha. Mmoja analenga, mwenzake anatazama ganda. Na vyumba vya mihadhara jioni vimejaa popo tu.

Rumeti wangu anasema mfano wangu ni mbaya, mwalimu hapigi watoto risasi. Sawa. Ila risasi niliyokosa renji iliishia kwenye tuta la mchanga. Kipindi nilichokosa kiliishia kwa watoto 90 wenye mtihani wa taifa mwezi Novemba.

Alhamisi saa kumi na mbili jioni tunaanza watu wanne, chumba cha mwisho ghorofa ya pili. Mimi nafundisha sehemu, zile zile. Ukiniona nakimbia, nisimamishe.