Sumu ya Macalder yahitaji mwenyewe

Mgodi wa Macalder, Migori, ulifungwa mwaka wa 1966, lakini mabaki yake yangali yamerundikana karibu na mto Kuja, ambao humwaga maji Ziwa Victoria. Wachimbaji wadogo wa dhahabu nao huongeza zebaki. Samaki hawajui mpaka wa kaunti. Sumu ikifika ziwani, mvuvi wa Homa Bay pia yumo hatarini.

Kenya iliridhia Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki mwaka wa 2023. Hata hivyo, NEMA inasimamia mazingira, wizara inasimamia madini, nazo kaunti zinashughulikia taka. Kila afisi ikingoja nyingine, lundo labaki pale pale. Serikali yafaa iteue afisi moja, iipe fedha na muda maalumu, kisha iidai hesabu.