KIDONGE HAKIWEZI KUKUFUNGIA



Dada mmoja ameniuliza, "Pasta, kuna vidonge vya kuupa mwili faida za kufunga huku unakula. Ninunue?"

Ni kweli wanasayansi wanavitafuta. Mwaka 2009, rapamaisini, dawa wanayopewa waliopandikizwa figo, ilirefusha maisha ya panya. Resveratroli ya maganda ya zabibu ilisifiwa sana, lakini panya wenye afya hawakuishi zaidi. Kwa binadamu, hakuna kidonge kilichothibitishwa kurefusha maisha. Metformini nayo ni dawa ya kisukari. Usiazime ya jirani. Na wewe mwenye kisukari, usiache dawa wala usifunge kabla ya kuongea na daktari. Mungu hatukuzwi ukizirai ibadani.

Msimamo wangu ni huu: hata kidonge kikiiga tumbo tupu, hakitakupigia magoti. Isaya 58 inatufundisha mfungo unaomgawia mwenye njaa. Jumatano tukifunga, sahani yako ya mchana imfikie mtu. Na hiyo pesa ya vidonge, dada yangu, mnunulie mjane unga.

Mbarikiwe. Kama umepokea, andika AMINA.