Wapokeeni Wanafunzi Barazani

Mwanafunzi wa sekondari nchini Kenya atakutajia bila kusita mbinu za kukusanya fasihi simulizi nyanjani: mahojiano, hojaji, kushuhudia, kushiriki, kurekodi. Atakupa na udhaifu wa kila moja, maana mtihani wa KCSE huuliza. Sasa muulize amewahi kumhoji nani. Wengi watacheka tu.

Kosa si lao, wala sidhani ni uvivu wa walimu. Hiyo nyanjani inayotajwa vitabuni ni karakana yako wewe, kibanda chako cha chakula, baraza la babu yako. Mwalimu atawapeleka wapi ikiwa hakuna wa kuwapokea? Ndiyo maana ombi langu nalielekeza kwenu msioshika chaki.

Chukua Matondoni, kule Lamu, kijiji cha waunda majahazi. Mtoto akishinda asubuhi moja na fundi, mkuku, taruma na foromali atavijua kwa kuvishika, na kukalafati atakuona kwa macho. Akirudi darasani ana jambo ambalo pengine mwalimu wake halijui, na insha yake inapata mtu wa kuelezwa. Marehemu Ahmed Sheikh Nabhany alitunga utenzi mzima, Sambo ya Kiwandeo, uliochapishwa mwaka 1979, juu ya kuunda chombo. Ushairi wa aina hiyo hauandikwi na mtu asiyepita pwani kuwasikiliza wenye kazi yao.

Basi mwanafunzi akibisha hodi, mkaribishe, mama. Mzee, usimsafishie lugha. Mwambie jina la kitu kama unavyolitamka mwenyewe. Ukiwa na siri ya ukoo usiyotaka iandikwe, mwambie wazi, naye aweke kalamu chini. Nanyi walimu, msiwamwage arobaini kwa mpigo. Wawili au watatu wanatosha, na barua itangulie.

Jambo moja ningelisisitiza kuliko yote: kilichokusanywa kirudi. Mmisionari Edward Steere alisimuliwa hadithi Unguja, akazichapisha London mwaka 1870. Sisi hatuna haja ya kuvuka bahari. Mwanafunzi amsomee msimulizi rasimu yake, akosolewe, aandike upya, kisha nakala ibaki kwa mwenyewe. Masahihisho ya bibi aliyeitamba hadithi hayapungui kitu mbele ya kalamu nyekundu.

Nafasi ipo. Mtaala wa umilisi umeiweka huduma kwa jamii miongoni mwa masomo ya lazima ya sekondari ya juu, na Kiswahili kinaweza kuitumia kwa vijitabu vya vitendawili, au maelekezo ya zahanati yanayosomeka na kila mgonjwa. Tarehe 7 Julai ni Siku ya Kiswahili Duniani, iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2021. Hotuba zipunguzwe mwaka huu. Wanafunzi wasome walichokusanya, na waliowasimulia wakae safu ya mbele. Ikiwa una la kusimulia, pita shuleni wiki hii umwambie mwalimu wa Kiswahili ni siku gani unapatikana.