Shule ya Ruby Bridges yanusurika, lakini utengano haujaisha

Katika mtaa wa Upper Ninth Ward jijini New Orleans, Marekani, lipo jengo la matofali ambalo mwaka wa 2013 lilipokea shule yenye jina lisilohitaji kufasiriwa kwa msomaji wa Kiswahili: Akili Academy.

Jengo hilo lilijengwa mwaka wa 1937 likaitwa William Frantz. Ramani yake ilichorwa na E.A. Christy, msanifu aliyebuni shule nyingi za umma jijini humo. Si jengo la kifahari. Lina umbo la kawaida la shule za enzi hizo, madirisha mengi na ngazi mbele ya mlango. Ngazi hizo ndizo zilizolipa umaarufu.

Mnamo Novemba 14, 1960, Ruby Bridges, msichana Mweusi wa miaka sita, alizipanda akilindwa na maafisa wa serikali kuu huku umati wa Wazungu ukimzomea. Ilikuwa miaka sita tangu Mahakama ya Juu iharamishe utengano wa rangi katika shule za umma. Siku hiyo alishinda katika ofisi ya mwalimu mkuu, kwani wazazi Wazungu walifika kuwatoa watoto wao. Mwaka huo akafunzwa peke yake na Barbara Henry, mwalimu kutoka Boston.

Kimbunga Katrina kiliharibu shule hiyo mwaka wa 2005, mwaka uo huo ilipoingizwa katika orodha ya kitaifa ya majengo ya kihistoria. Jengo likakaa tupu kwa miaka kadhaa kabla ya kukarabatiwa. Chumba nambari 2306 kilirejeshwa kilivyokuwa mwaka wa 1960, na mwaka wa 2014 sanamu ya Ruby ikasimamishwa uani.

Asubuhi ile ile ya 1960, wasichana wengine watatu Weusi waliingia McDonogh 19, shule iliyojengwa mwaka wa 1929. Hiyo haikurudi kuwa shule. Leona Tate, mmoja wa watatu hao, aliongoza juhudi za kuiokoa, na tangu 2022 ni kituo cha historia chenye makazi ya wazee. Ni kazi ya kupongezwa, ingawa mwandishi huyu angechagua kengele na kelele za watoto.

Hata hivyo, pale William Frantz kuna jambo ambalo rangi mpya haikuweza kuliziba. Familia nyingi za Kizungu zilihama mitaa hiyo baada ya 1960. Katrina ilipopiga, takriban wanafunzi wote walikuwa Weusi. Na Akili ilipofungua milango humo, hali ilikuwa iyo hiyo. Mahakama iliweza kuamuru mlango ufunguliwe. Haikuwa na amri ya kumzuia jirani asifungashe virago.