Kufunga famasia hakutoshi, muuzaji asomeshwe

Kila mara wakaguzi wa afya wanapopita na kufunga famasia zisizo na ruhusa katika Bunia, Butembo ao Uvira, nyingi zinafunguliwa tena kisha muda kidogo, pengine kwenye barabara ya pili. Na muuzaji ni yule yule.

Kanuni inataka famasia isimamiwe na mfamasia mwenye diploma. Lakini wakaaji wanajua mambo yanavyokwenda: diploma inatundikwa ukutani, mwenyewe anapita mara moja kwa mwezi, kama anapita, na anayetoa dawa tangu asubuhi mpaka usiku ni kijana aliyejifunza kwa kuangalia mwenzake.

Ituri inajua hatari yake. Kuanzia mwisho wa 2014 hadi 2015, watu zaidi ya 1.000 walilazwa hospitali, watoto wengi kati yao, shingo na uso vimekazwa. Kwanza ilidhaniwa ni meninjiti. Maabara ndiyo ilionyesha kwamba vidonge vilivyoitwa diazepamu vilikuwa na haloperidoli, dawa ya wagonjwa wa akili.

Ni kweli, hata muuzaji mwenye masomo hangetambua kwa macho kilichokuwa ndani ya kidonge kile. Lakini angejua kwamba diazepamu haitolewi kwa kila homa, wala haiuzwi bila karatasi ya daktari. Angeomba fakture kwa aliyemletea, angeandika nambari ya loti, na siku mgonjwa wa pili anarudi na shingo imepinda, angejua pa kupeleka habari.

ACOREP, mamlaka inayosimamia dawa nchini, isikague kuta na friji tu. Wafamasia wa chuo kikuu ni wachache, na kudai mmoja kwa kila duka la mtaa ni kuandika kanuni ya kuvunjwa. Wasaidizi wa famasia wanaotoka kwenye shule za ufundi wa afya wanapatikana. Tena wengine wanakaa bila kazi, kwa sababu mwenye duka anapendelea mpwa wake, ambaye hamlipi.

Serikali itoe muda unaojulikana, mwaka mmoja ao miwili. Walio kazini tayari wapewe masomo ya jioni na mtihani, gharama ilipwe na mwenye famasia, maana faida ni yake. Atakayeshindwa mtihani aendelee kuuza sabuni na pamba. Antibiotiki, hapana.