Anayemtunza Mgonjwa Ndiye Alipwe

Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) ilipochukua nafasi ya NHIF iliyoanzishwa mwaka 1966, mfanyakazi wa mshahara hukatwa asilimia 2.75 ya mapato yake. Mchangaji ana haki ya kuuliza: fedha hizi zamfikia nani?

Hapa Nyeri, na vilevile Karatina, Othaya na Nanyuki, mgonjwa wa akili mara nyingi hupokewa na muuguzi. Madaktari bingwa wa maradhi haya ni wachache nchini, na wengi wao wamo Nairobi. Muuguzi aliyeisomea kazi hii ndiye asikilizaye, adungaye sindano ya kila mwezi, na awasihiye jamaa wasimfunge mgonjwa kamba.

Mwezi wa Januari 2025, maafisa wa kliniki walilalamika kwamba mfumo wa SHA uliwanyima uwezo wa kuidhinisha matibabu. Mhudumu asipotambuliwa, mgonjwa wake naye huachwa mlangoni.

Kwa hiyo twadai: SHA iitaje waziwazi kazi ya muuguzi wa maradhi ya akili na kuilipia, bila kungoja sahihi ya daktari aliye mbali. Ibara ya 43 ya Katiba ya 2010 yampa kila mtu haki ya afya. Haikumtenga mgonjwa wa akili.

Msamaria hakumpa dinari zake kuhani aliyepita kando. Alimpa mwenye nyumba ya wageni, aliyebaki na majeruhi. Makanisa na yaulize; wabunge wetu na wajibu.